Kikomo cha Sekunde Nne

Fomu ya kufunga laini ilifika Jumanne asubuhi, wakati nabishana na Mzee Togolai kuhusu nani kaacha buti za matope mlangoni mwa ofisi. Niliifungua nikidhani ni ya kawaida. Watu wanafunga laini kila mwezi: huyu kahama, huyu kagombana na jirani aliyekuwa anamwazima nywila. Lakini hii ilitoka Mwezini. Mwombaji: Kiondo Mgonja. Laini ya kufungwa: ile ya nyumbani kwa mama yake, hapa hapa kwetu Vumbwe. Sababu: hakuna ndugu wa kuwasiliana naye.

Nikaisoma mara tatu.

"Huyu ana wazimu," nikasema.

"Nani tena?"

"Kiondo. Anasema hana ndugu."

Mzee Togolai akaweka chini buti alilokuwa ananionyesha kama ushahidi. "Si juzi tu mama yake kachinja jogoo kwa furaha? Nimekula mimi. Paja."

"Ilikuwa mwezi wa nne."

"Ndiyo juzi hiyo."

Chini ya fomu kulikuwa na mistari mingine miwili. Mwombaji ni abiria wa meli ya Mirihi, kupanda Alhamisi saa sita mchana kwa saa zetu. Muda wa mkataba, miaka kumi na miwili.

Nikakaa. 

Ngoja niseme mapema, maana hata nikificha mtajua. Mimi na Kiondo ndio tuliosimamisha mnara wa kwanza wa mtandao huu. Kampuni kubwa zilikuja zikapima, zikakuta Upareni kuna vilele vingi kuliko wateja, zikateremka zao. Sisi tukapandisha saruji mgongoni, mfuko kwa mfuko, kwa sababu punda tuliyemkodi alifika nusu ya mlima akagoma. Kiondo alikuwa fundi mzuri wa chuma na mwimbaji mbaya kupindukia, na bado alikuwa anaimba. Halafu machimbo ya Mwezini yakatangaza kazi za mafundi chuma. "Miaka miwili tu, Namkunda," akaniambia. Huu ni wa nane.

Miaka ya mwanzo alikuwa anapiga kila wiki, kwao na kwangu, na kila akimaliza na mama yake anamwachia salamu za kuniletea. Halafu baba yake akafariki, yakatokea yaliyotokea, akanyamaza. Kwa mama yake alipiga mara moja moja, kwa ugomvi. Kwangu hakupiga tena kabisa, na sababu sikuijua. Mimi nikabaki na minara saba, nyumba mia mbili na kumi, na tabia moja mbaya: Mwezi ukionekana mchana, nikiwa nimejifunga mkanda juu ya mnara, nautazama kwanza kabla sijatazama kazi. Nilimtamani yule mtu kila siku ya Mungu. Sioni aibu kusema.

Ndiyo maana mwezi wa nne, Mama Kiondo alipokuja ofisini anatembea kama msichana, niliacha nilichokuwa nafanya. "Kaniomba radhi," alisema. "Kalia kama mtoto, Namkunda, nami nimempa. Anakuja kabla ya mavuno. Na wewe kasema umsubiri."

Wiki ile nilipaka nyumba rangi. Nikanunua godoro jipya, nikajidanganya kwamba la zamani lilikuwa linaniumiza mgongo.

*

Tulipanda mnara wa Ngulwi siku ile ile. Mzee Togolai ana miaka hamsini na nane, alikuwa mwalimu wa fizikia, na anapanda kuliko mimi. Ukungu ulikuwa umeshika msitu, unasikia tu maji yakidondoka kwenye majani na yeye akilalamika mbele yangu.

Niliyokuwa nakwenda kuyaangalia yamo kwenye kisanduku kilichopigwa lakiri chini ya sahani ya mnara. Hayasomeki kutoka ofisini. Sheria ndiyo inavyotaka, lazima upande na waya wako. Ni kumbukumbu za Mshono.

Kila mtu siku hizi anaongea kupitia Mshono na hakuna anayeukumbuka, kama vile usivyokumbuka sindano ukishavaa shati. Sauti ikitoka hapa kwenda Mwezini na kurudi, zinapita karibu sekunde tatu. Kwa masafa yetu ya milimani ukungu nao unameza vipande njiani. Zamani watu walikuwa wanagongana maneno, wanasusa, wanakata. Ndipo ukaletwa Mshono. Unasikiliza sauti ya mtu, unajifunza anavyosema, anavyocheka, anavyokujibu ukimwambia hili au lile. Sauti ikikatika, unashona pale palipotoboka kwa uzi wa mtu mwenyewe. Pengo likiisha, mtu halisi anaendelea, na wewe hukuona kitu. Jambo moja tu hauwezi: hauwezi kushona kwa uzi usio nao. Neno ambalo mtu hajawahi kulisema, Mshono hautalisema kwa niaba yake.

Kikomo cha kisheria ni sekunde nne. Pengo likizidi hapo, laini ikatike, mjue mmekatika.

Kikomo hicho mimi nilikiondoa.

Na nilikiondoa kwa sababu ya huyu huyu mzee aliyekuwa mbele yangu anapangusa miwani. Miaka mitatu iliyopita alikuwa anapokea posa ya binti yake kwa simu. Akiwa katikati ya kuwataja mababu wa ukoo, ukungu ukashuka, laini ikakatika, na upande wa pili wakadhani mzee kanyamaza kwa dharau. Posa ikavunjika. Sisi Wapare mnatujua, tukikosa kesi tunaumwa. Akanishtaki baraza la kata. Kesi ilikwenda vikao vitano, wakaitwa mashahidi, mmoja wao alikuja kutoa ushahidi kuhusu ukungu. Nikashindwa. Hukumu ikaandikwa kwamba neno la mtu mzima lisikatwe tena kwenye mtandao wa Namkunda, nami nikatia sahihi mbele ya wazee. Ukungu haukutia sahihi. Ningefanyaje? Nilirudi nyumbani nikaiambia mitambo isikate kamwe, ishone mpaka laini irudi. Na kwa kuwa laini ni yangu, amri yangu ilishika pande zote mbili, huku na Mwezini. Mzee Togolai akaja ofisini kuhakikisha hukumu inatekelezwa, na hajaondoka mpaka leo.

Baada ya hapo hakuna aliyelalamika. Kimya cha wateja nilikihesabu kuwa sifa.

Nikachomeka waya. Tarehe zikashuka kwenye kioo. Sekunde sita, sekunde tisa, sekunde tano. Nikafika tarehe kumi na nne mwezi wa nne, laini ya Mama Kiondo.

"Mia sita na sitini," nikasoma.

"Mia sita na sitini nini?"

"Sekunde."

Mzee Togolai ni mwalimu wa fizikia, kugawanya kwa sitini hakuhitaji kalamu. Alishika mguu wa mnara. "Dakika kumi na moja! Namkunda, hilo si pengo. Hayo ni mazungumzo mazima."

Katika kazi hii nina mwiko mmoja, sisikilizi maneno ya wateja. Miaka tisa sijasikiliza, hata zile wiki ambazo sauti yake ilipita juu ya kichwa changu na ningeweza kuidaka kwa kugeuza swichi moja. Lakini kisandukuni hakuna maneno ya wateja. Sheria inahifadhi kilichoshonwa tu, cha huku na cha Mwezini. Kilikuwa cha mashine, na mashine haina siri. Nikavaa vipokea sauti.

Upande wa mama ulikuja kwanza, yaani yale aliyoyasikia yeye. Mshono wetu uliwekwa tangu enzi zile Kiondo anapiga kila wiki, kwa hiyo ulikuwa na uzi wake wa zamani, ule wa upole. "Mama, nisamehe. Nisamehe mama yangu." Analia, na kulia kwake kulikuwa kule kwa siku za mwanzo, alipokuwa mgeni kule juu na usingizi hauji. "Nitakuja kabla ya mavuno. Nitakuwa kimya kidogo, zamu zetu ni ndefu, usihangaike. Msalimie Namkunda. Mwambie anisubiri."

Nikaurudia mstari ule wa mwisho. Nikaurudia tena. Mzee Togolai akaja akanivua vipokea sauti taratibu kichwani, akaniwekea mapajani.

Upande wa pili niliusikiliza baadaye. Mshono wa Mwezini ulibadilishwa baada ya msiba wa baba yake. Mama Kiondo ambaye Mshono huo ulimjua alikuwa ni yule wa ugomvi peke yake. "Mimi sina mtoto," ulimwambia Kiondo kwa sauti ya mama yake. "Nikifa usinitilie udongo. Usinipigie tena."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Ukungu ulimeza mnara dakika ya pili. Mama akabaki anazungumza na mtoto aliyekuwepo zamani, mtoto akabaki anazungumza na mama wa siku za hasira. Mmoja akaenda kuchinja jogoo. Mwingine akaenda kujiandikisha Mirihi.

*

"Usimwambie," Mzee Togolai alisema tukiteremka.

"Sina njia."

"Unayo. Unakaa kimya. Mama wa watu analala usingizi kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe. Tena nikwambie, radhi ni halali. Alitoa yeye, kwa kinywa chake. Mashine haikumtolea."

"Haikufika."

"Radhi ikitoka imetoka!"

"Mzee, mwanao akiwa anazama ukamrushia kamba ikaangukia kwa jirani, umemwokoa?"

Akaruka mzizi uliokatiza njia. Halafu akasema, "Basi mwandikie Kiondo peke yake. Mwambie mama yako alishakusamehe."

"Alimsamehe mtu aliyeomba. Kiondo hakuomba chochote. Nikimwambia Kiondo ana radhi, nakuwa nimeiba radhi ya mama nikaigawa."

"Na ukimwambia mama kwamba mtoto hakuomba, ataichukua radhi yake airudishe mfukoni. Unamjua. Mtoto ataondoka na laana ya kweli badala ya ile ya bandia. Hapo utakuwa umesaidia nini?"

Hilo ndilo lililonikwamisha. Nilimwogopa Mama Kiondo, ndiyo. Lakini kulikuwa na woga mwingine chini yake. Nikinyamaza, hakuna aliyeniambia nisisubiri. Ningeweza kuendelea na nyumba yangu yenye rangi mpya, na mavuno yakipita ningesema zamu zimekuwa ndefu. Nilikuwa mteja wa ule Mshono kuliko mtu yeyote mlimani pale, na mteja mzuri, asiyelalamika.

"Na mimi pia Mshono ulinidanganya, mzee," nikamwambia. "Kwa hiyo usidhani nakwenda kwa raha."

Akashika njia ya kwa Mama Kiondo.

*

Mama Kiondo alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Ana miaka sabini na sita, mgongo umepinda, jicho moja lina ukungu wake lenyewe. Tukamwamkia, akaitikia, akatuambia tukae. Tusingekaa angejua tumeleta msiba, kwa hiyo tukakaa.

Nikamweleza. Sikupamba. Nilimwambia kosa ni la mtandao wangu na mkono wangu, na kwamba tarehe ile, baada ya dakika mbili, aliyekuwa anamjibu si Kiondo.

Vidole havikuacha kuchambua. Jiwe huku, harage huku.

"Kwa hiyo hakulia," akasema.

"Hakulia, mama."

"Wala hakusema anakuja."

"Hakusema."

"Na lile la kwamba umsubiri?"

"Halikuwa lake. Lilikuwa la zamani, limeshonwa upya."

Akaniangalia kwa lile jicho zima. Nilidhani ataniona nilivyoumia, labda anionee huruma kidogo. Wapi!

"Namkunda binti Mrindoko. Nilikaa miezi mitatu nikiringa kwa majirani. Nimeipa radhi sahani ya mnara!" Akasukuma ungo, maharage yakatawanyika sakafuni, mawe na yote. "Tokeni kwangu. Na wewe Togolai, mzee mzima, unafuatana naye kuja kunivua nguo barazani kwangu. Tokeni!"

"Mama, anapanda meli ya Mirihi Alhamisi. Miaka kumi na miwili—"

"Nimesema tokeni."

Tukatoka. Njiani Mzee Togolai hakuniambia "nilikwambia," na ndipo nilipojua kwamba hali ni mbaya kweli.

Jioni nilimwandikia Kiondo. Miaka minne sikuwa nimemwandikia, kwa hiyo niliandika barua ndefu, nikaifuta, nikaandika nyingine, nikaifuta na hiyo. Iliyokwenda ilikuwa hivi: Maneno uliyoyasikia tarehe kumi na nne mwezi wa nne hayakuwa ya mama yako. Mshono ulishona dakika kumi na moja kwa sababu nilitoa kikomo. Kosa ni langu. Alhamisi saa nne asubuhi nitafungua laini bila Mshono. Sijui kama mama atakuja. Namkunda.

Lilirudi neno moja. Sawa.

Jumatano yote nilirudisha kikomo mnara kwa mnara. Nikabandika tangazo ofisini, kwenye shule na kwenye mashine ya kusaga, kwamba kuanzia sasa laini itakatika ukungu ukishuka, na kwamba anayetaka kujua ni mazungumzo gani yake yalishonwa kupita sekunde nne aje nimsomee. Mzee Togolai alisoma tangazo, akakohoa.

"Umevunja hukumu ya baraza."

"Nishtaki."

"Nitafikiria," akasema, na akanishikia ngazi.

*

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito tangu alfajiri, mbaya kuliko wa Jumanne. Saa nne kasoro nilikuwa nimekata tamaa. Ofisi yangu ni chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, na mlio wa mashine ulipokoma ghafla nikasikia fimbo. Kumbe mama wa watu kasimama pale kwa mwenye mashine, kamwamuru azime. Akaingia, kafunga kanga kiunoni, kabeba kibuyu.

"Nimekuja kwa miguu," akasema. "Kile kisanduku cha nyumbani kwangu kimeshanidanganya mara moja, sikitaki. Kiko wapi cha kwako?"

"Hiki hapa, mama. Na hicho kibuyu?"

"Dengelua. Radhi haitolewi kwa kinywa kikavu. Mwezi wa nne nilitoa kwa kinywa kikavu, angalia yaliyotokea."

Kwetu mzazi akitoa radhi anapiga funda la pombe ya miwa, anampulizia mtoto kifuani. Nilijua. Ila sikuwaza kibuyu kile kinahusiana nini na meza yangu. Moyo wangu ulikuwa kwingine.

"Mama, umeamua kumpa?"

"Nimeamua kuongea naye. Unganisha."

Nikamweleza kwamba Mshono nimeuzima. Kila neno lingechukua sekunde zake kwenda na kurudi, na ukungu ungekata. Nikamwonyesha taa ya kisanduku. Ikiwa ya kijani laini ipo, ikiwa nyekundu haipo. Akaisogelea ile taa mpaka pua ikakaribia kuigusa.

Saa nne na dakika mbili ikawa ya kijani.

"Nipo," sauti ikasema.

Ilikuwa nzito kuliko ile niliyoisikia mnarani. Imechoka, imezeeka, ina mkwaruzo kooni ambao sikuujua. Nikajikuta nimeziba mdomo kwa mkono. Ile nyingine ilikuwa nzuri zaidi, na sikuitaka tena hata kidogo.

"Kiondo," mama akasema.

Tukasubiri. Moja, mbili, tatu.

"Nimesikia. Lakini na ile siku nilisikia. Nitajuaje ni wewe?"

"Na mimi nitajuaje ni wewe? Una adabu gani ya kumuuliza mama yako—" Taa ikawa nyekundu. Akaendelea kugomba peke yake mpaka Mzee Togolai akamgusa bega. Ikarudi kijani. Mama akaiona. Aliishika ile fimbo kwa mikono miwili.

"Nisikilize," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Baba yako alipofariki ulituma neno. Ulisema tuchelewe siku nne, kuna chombo kinateremka, utawahi kumzika. Neno lile lilinifika. Nililisoma kwa macho haya. Nilikuwa na hasira na wewe kwa kuondoka, nikalificha. Nikauambia ukoo kwamba umekataa kuja. Na wewe ulipopiga nikakwambia sikupata kitu. Jambo hili sijamwambia mtu. Sijamwambia padri. Leo ndiyo natamka."

Mzee Togolai alikuwa amesimama, akakaa chini. Mimi nilitazama taa.

Sekunde tatu zikapita. Zikapita kumi. Mama akaniuliza kwa macho, imekatika? Nikatikisa kichwa. Ilikuwa kijani muda wote. Kimya kile kilikuwa cha Kiondo mwenyewe.

"Ni wewe," akasema mwishowe, na sasa alikuwa analia, kilio kibaya cha mtu mzima, kisichofanana na kile nilichokisikia mnarani. "Mama. Miaka minne nilidhani neno halikufika. Nilidhani Namkunda amelipoteza. Nilimchukia. Nilikuwa naulaumu ukungu, nalaumu mnara, namlaumu yeye."

Nikaelewa basi. Miaka minne ya kimya chake ilipita mbele yangu yote kwa pamoja, na aliyeisababisha alikuwa amekaa kwenye kiti changu, ananuka dengelua. Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote.

"Nimekosa," Mama Kiondo akasema. "Nimekukosea wewe, na huyu binti wa watu. Nisamehe, mwanangu." Nilimfahamu maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia akimwambia mtu neno hilo.

Moja, mbili, tatu.

"Nimekusamehe, mama. Lakini kidole nimeshaweka. Mkataba haufutiki, mizigo yangu imeshapakiwa. Naondoka. Nipe radhi niondoke nayo."

Yule mama alitikisika kama aliyesukumwa. Alikuja na matumaini, jamani, nani angekuja bila matumaini?  Akafungua kibuyu, akapiga funda, akainama, akapuliza. Matone yakaanguka juu ya meza, mbele ya kisanduku.

"Nenda na radhi yangu. Mikono yako isikosee. Chakula chako kisikupalie. Ulale, uamke." Akafuta midomo.

"Nimeipokea, mama." Taa ikacheza, nyekundu, kijani. "...yupo hapo? Namkunda yupo?"

Nikainamia meza. Miaka minane nilikuwa nimetayarisha cha kusema, na nilikuwa nacho kingi.

"Nipo," nikasema.

Neno likaondoka. Moja. Mbili. 

Radhi kwetu hupulizwa mara mbili, mara ya kwanza kifuani, ya pili mgongoni. Mama Kiondo ni mtu wa taratibu, na hakuna aliyemwambia mwanawe hana mgongo pale mezani. Akapiga funda la pili, kubwa kuliko la kwanza, akakizunguka kisanduku kwa nyuma, pale kwenye matundu ya hewa, akapuliza.

"Namkunda, mimi—" Kiondo akasema.

Kikalia *tsii*. Ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya miwa. Taa haikuwa kijani wala nyekundu.

Mama akainama tena kuitazama taa.

"Imekatika?" mama akauliza.

"Imeungua, mama."

Kila simu na kila barua ya Mwezini kutoka Vumbwe hupita kwenye kisanduku kile, na kingine cha aina yake kiko Same mjini. Kwenda na kurudi ni mpaka jioni, na saa sita abiria wa Mirihi wanafungiwa ndani. Meli ile haina simu za watu njiani. Safari ni miezi kumi na tisa, ndipo mtu aweze kupiga tena.

Nilicheka. Kilianza kama kicheko, mwisho wake sikuumudu. Mzee Togolai akanipa leso yake, halafu akasimama anazungusha kofia mikononi.

"Namkunda," akasema, tena kwa upole ambao sikuuzoea. "Kule Ngulwi Mshono bado una sauti yake. Niruhusu nipande. Nikiuwasha tukauuliza, utaimalizia ile sentensi. Utasikia alichotaka kusema."

Nilijua Mshono ungesema nini. Ungesema nisubiri. Ungesema vizuri, kwa ile sauti ya kijana, na ningeamini mpaka uzee.

"Panda," nikamwambia. "Uzi wake wote uliomo mle, ufute."

Akachukua buti zake, akatoka.

Mama Kiondo alikuwa bado ameshika kibuyu. Alikuwa amekwishaelewa alichokifanya, nilimwona anavyokikwepa kile kisanduku kwa macho. Akavuta stuli akakaa karibu yangu, magoti yakagusana. Akamimina dengelua iliyobaki kwenye kifuniko, akanipa kwanza mimi.

"Miezi kumi na tisa si mingi," akasema. Yeye, wa miaka sabini na sita.

Nikanywa, nikamrudishia kifuniko.

"Si mingi, mama," nikasema.